ZINKI SAFI NA KAZI ZAKE

Kila mwanafunzi alijua bati la nyumba, lakini si wengi waijuao zinki iliyopakwa juu ya bati hilo. Zinki ni madini ya rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Alama yake ni Zn, na namba yake ya atomi ni 30. Huyeyuka katika joto la digrii 419.5 za Sentigredi.

Zinki baridi iliyomiminwa katika kalibu huvunjika upesi ipigwapo nyundo. Lakini ikipashwa moto kati ya digrii 100 na 150 hulainika, nayo yaweza kubanwa mpaka iwe bamba jembamba kama karatasi. Njia hiyo ilianzishwa na Charles Hobson na Charles Sylvester wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1805. Ikipita digrii 210, huvunjika tena.

Zinki safi ya viwandani ina sehemu 9,999 au zaidi za zinki katika kila sehemu 10,000. Uchafu uliobaki ni risasi, kadimi na chuma kidogo sana. Je, uchafu mdogo hivyo wadhuru nini? Na tufanye jaribio.

Tia kipande cha zinki safi katika asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa kwa maji. Utaona mapovu machache tu. Tia kipande cha zinki chafu katika chombo kingine: mapovu ya haidrojeni yatatoka kwa wingi. Sababu ni kwamba kila chembe ya uchafu, pamoja na zinki iliyo kando yake, hufanya betri ndogo ndani ya asidi, na zinki ikaliwa. Sasa dondosha salfeti ya shaba kidogo juu ya ile zinki safi. Shaba itaigandia, na mapovu yataongezeka. Haidrojeni hulipuka, kwa hiyo usikaribishe moto.

Basi twaelewa kwa nini watengenezaji wa betri hutaka zinki safi. Daniell, mwaka 1836, alitumia zinki na shaba kupata umeme wa volti 1.1 hivi. Zinki chafu huliwa hata betri isipotumika. Zamani watu waliipaka zebaki ili kuzuia hasara hiyo, lakini zebaki ni sumu, na usafi wa zinki ni dawa bora.

Zinki pia hukilinda chuma, kwa kuwa huliwa kwanza badala yake. Vipande vyake hufungwa kwenye meli za chuma, na mabamba membamba yenye gundi hubandikwa juu ya vyuma vilivyo hatarini kushika kutu. Hata hapo usafi watakiwa: chuma kikizidi ndani ya zinki, kazi hiyo hudhoofika. Bati la nyumba nalo, hata likikwaruzwa, halishiki kutu upesi mahali hapo.

Lakini kumbuka: asidi huila zinki. Usiweke maji ya ndimu, ukwaju au togwa katika ndoo iliyopakwa zinki. Anywaye atatapika na kuumwa tumbo.

Maswali
1. Kwa nini zinki safi hutoa mapovu machache?
2. Meli ya chuma ikifungwa vipande vya shaba badala ya zinki, nini kitaliwa?