Mlango wa Msimamizi wa Seva

Nilipoanza kueleza habari za seva katika mkutano wa chama, mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu alinikata kauli: "Si kuna nywila? Hofu ya nini basi?" Kengele ikalia kabla sijamjibu. Namjibu hapa.

Seva moja kubwa yaweza kugawanywa kwa programu kama ESXi au Proxmox, ikabeba kompyuta pepe kumi au ishirini ndani yake. Hii inaweka barua, ile hesabu za karo, nyingine matokeo ya mitihani. Juu ya zote kuna mlango wa msimamizi. Aingiaye hapo hajavunja chumba kimoja, ameshika funguo za nyumba nzima. Aweza kuzizima zote, kuzinakili, hata kuzifuta.

Sasa hebu tutazame yaliyotokea Ufaransa na kwingineko. Tarehe 3 Februari 2023, CERT-FR, kitengo cha serikali ya Ufaransa kinachoshughulikia mashambulizi ya kompyuta, kilitoa onyo. Programu haribifu iliyokuja kuitwa ESXiArgs ilikuwa inavamia seva za ESXi zilizokuwa wazi kwenye intaneti. Ilifunga mafaili ya kompyuta pepe kwa maandishi ya siri, kisha ikaacha barua ya kudai kikombozi, takriban bitcoin 2. Serikali ya Marekani ilihesabu zaidi ya seva 3,800 zilizoathirika duniani.

Waliingiaje? CERT-FR ilishuku kasoro katika huduma iitwayo SLP, ambayo husikiliza kwenye poti namba 427. Kazi ya SLP ni kusaidia vifaa vya mtandao wa ndani kutafutana. Huko barabarani ilikuwa inamtafuta nani? Na kumbe kasoro yenyewe haikuhitaji nywila hata kidogo! Kiraka chake kilikuwa kimetolewa Februari 2021, karibu miaka miwili kabla.

Basi, mwenzangu, nywila na iwe ndefu, lakini kwanza uondoe mlango huo barabarani. Uwekwe kwenye mtandao wa ndani uliotengwa, na msimamizi aliye mbali apitie VPN. Asiye na VPN aweke fayawoli inayoruhusu anwani chache anazozijua. Viraka vitiwe mapema, na huduma isiyo na kazi izimwe. Nakala za akiba zikae kwenye mashine nyingine, isiyofunguliwa kwa funguo za seva hiyo. Mvamizi akishika zote mbili, umebaki na nini?

Kuna mtego mmoja hapa. Ukiwasha fayawoli ya Proxmox bila kuandika kanuni zako, huzuia wanaotaka kuingia kwenye seva, isipokuwa walio mtandao mmoja nayo, wanaokuja kwa poti 8006 na 22. Sasa wewe uko Nakuru na seva umeikodi Ujerumani. Umejifungia nje, bwana! Kwa hivyo andika kwanza kanuni ya kuruhusu anwani yako, hakikisha konsoli ya dharura ya mwenye seva inafanya kazi, ndipo uwashe. Halafu usifunge lile dirisha ulilo nalo. Fungua la pili ujaribu kuingia upya. Likikataa, utarekebisha kupitia lile la kwanza.