Umerudi na Joho, Chumba ni Kile Kile

Haya wadogo zangu, sogeeni. Leo nazungumza na ninyi mliomaliza chuo, mkapiga picha na joho, mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, halafu begi likarudi Mbagala, Tegeta au Gongo la Mboto, kwenye chumba kile kile chenye ratiba ya mtihani wa kidato cha nne bado imebandikwa ukutani. Sasa miezi inakatika. Na jumbe mnazonitumia, kusema kweli, kazi inatajwa kidogo. Kinachowaliza ni nyumbani. Baba hasemi kitu ila anabamiza mlango. Mama siku hizi kila sentensi anaanza na "wenzako". Mdogo wako wa kidato cha pili amepata ujasiri wa kukutuma chumvi dukani.

Msimamo wangu mnaujua, sitazunguka. Kukaa kwa wazazi baada ya chuo hakuna ubaya, na kwa hali ya kodi ilivyo nawashauri mkae. Ila mnakaa vibaya. Mnakaa kama mko likizo. Likizo ilikuwa na tarehe ya chuo kufunguliwa, kwa hiyo mzazi alikuvumilia ukiamka saa nne na kuacha sahani sebuleni. Alijua baada ya wiki kadhaa utaondoka. Sasa hivi tarehe haipo na sahani bado iko sebuleni.

Najua pia kinachowabana. Chuoni, wenye mkopo mlikuwa na bumu, ile hela ya kujikimu. Elfu kumi kwa siku, inaingia kwa mkupuo, na hata kama iliisha mapema ikabidi muishi kwa mihogo na chai ya rangi, ilikuwa yenu. Hukumweleza mtu kwamba umekula chipsi au umenunua viatu. Leo unasimama mlangoni, baba anaangalia taarifa ya habari, unamwomba elfu mbili ya bando. Una miaka ishirini na nne. Inakaba koo. Basi wengi mnakwepa kwa kujifungia chumbani, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu anachokiona mzee ni mlango uliofungwa na mwanga wa simu unaopita chini yake. Hajui kwamba humo ndani unajaza maombi ya kazi.

Na hana namna ya kujua. Wengi wa wazazi wetu, hasa walimu na manesi, walimaliza chuo wakasubiri majina yatoke, wakafunga sanduku wakaripoti kituoni. Leo hata mwalimu anaomba kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, anafanya usaili wa mchujo na umati wa watu, akipita anaitwa wa mahojiano, na anaweza kufaulu vyote hivyo na bado asipangiwe kituo, jina likabaki kwenye kanzidata likisubiri nafasi. Ukimwambia mtu wa enzi zile "nimeomba, nasubiri", anachosikia ni uvivu. Anajiuliza, unasubiri nini? Mbona yeye alipangiwa?

Kwa hiyo mwonyeshe. Siyo kumweleza, kumwonyesha. Jumapili baada ya chakula, akiwa ameshiba na hajaanza kusinzia, kaa karibu naye na simu yako, fungua akaunti yako ya Ajira Portal, mpitishe kwenye maombi yako moja moja: hili la Machi, hili la Mei, hili lilikataliwa kwa sababu niliambatanisha hati ya matokeo na wao wanataka cheti chenyewe. Utashangaa. Kuna wazazi ambao hapo hapo wanavaa miwani na kuuliza, "Cheti chako cha sekondari si bado kiko shuleni? Kesho nampigia mkuu wa shule." Baba aliyekuwa anabamiza mlango anakumbuka kwamba ana rafiki wakili atakayekugongea muhuri nakala za vyeti bila kukukamua. Alikuwa hana pa kuushika mzigo wako, sasa amepata.

Halafu mpe tarehe, kwa sababu ile ya chuo kufunguliwa haipo tena. "Baba, naomba mpaka Desemba nihangaike na maombi haya. Desemba ikifika sijaitwa popote, naingia kozi fupi ya umeme wa magari VETA." Taja jambo lenyewe, si "nitajaribu kitu kingine". Na ukishataja, jua kwamba Desemba atakuuliza.

Sasa kazi za nyumbani, na msinikunjie uso. Watoto wa kiume nawaanza ninyi. Mnaniambia, "Dada, mimi nasaidia." Kusaidia ni kungoja uitwe, tena mara tatu, ndipo ukatoe taka. Chagua jambo moja la nyumba hiyo liwe lako, lisimuumize mtu mwingine kichwa. Mtaani kwetu maji ya bomba hutoka usiku, kuna wiki yanatoka saa tisa, kuna wiki saa kumi, na miaka yote aliyekuwa anaamka ni mama wa nyumba, khanga kiunoni, anasikiliza bomba linavyopiga kelele za hewa kabla maji hayajafika. Kijana wa jirani yangu alipomaliza chuo akaichukua hiyo zamu. Anaweka ndoo chini ya bomba la uani ili matone ya kwanza yamwamshe, anajaza pipa, anajaza madumu ya jikoni, anafunga, analala. Hakuna aliyemwagiza. Mama yake sasa analala mpaka adhana ya alfajiri, na ukimgusa mwanawe kwa maneno ya "bado yupo tu nyumbani?", utaisikia sauti yake mpaka barabarani. Hapo kijana kazi hana, kumbukeni hilo. Hata senti moja hajatoa.

Wasichana, kwenu nasema kinyume. Ninyi hamhitaji kuongezewa kazi. Mlivyorudi tu, dada wa kazi akaambiwa aende akawasalimie kwao, na mpaka leo hajaitwa. Mtoto wa kaka yako analetwa asubuhi na chupa ya uji, "shangazi yako yupo". Wageni wakija wewe ndiye jikoni, na wakishaondoka unaulizwa mbona hujaomba kazi. Kwako dawa ni saa. Omba saa zako: "Mama, kuanzia saa tatu mpaka saa saba naomba nisiitwe, najiandaa na usaili." Maneno haya usiyaseme maharage yakiwa yanaungua na mtoto analia; utaonekana una kiburi cha shahada. Yaseme jioni mkiwa mnachambua mchele, ukimweleza na utakachofanya baada ya saa saba. Kisha uzilinde saa zenyewe, maana ukionekana saa tano unacheka na simu, mkataba umevunjika na umeuvunja wewe. Nyumba ikishindikana kabisa kwa kelele, toka. Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ina meza, ina utulivu, na ukiaga unakwenda maktaba hakuna mzazi wa kukuzuia.

(Kaka mtu aliyemaliza chuo mwaka huo huo na wewe, anayelala mpaka saa tano bila kuulizwa, ninamwona. Hizo ndoo za maji zilikuwa zinamhusu.)

Tuje kwenye kuhama, maana kila ukigombezwa unasema "nahama". Chukueni kalamu. Tuseme umepata kazi kwenye kampuni, mshahara 700,000. Nyumbani wakisikia hiyo namba wanashangilia, na shangazi anakuletea kadi ya mchango wa harusi. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, hiyo ni 105,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 10, hiyo ni 70,000. Kodi ya mapato 42,000. Mkononi inabaki 483,000, na bima ya afya sijaigusa. Sasa chumba. Umepata cha 80,000 kwa mwezi, choo cha kuchangia, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo: 480,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja: 80,000. Zimeshafika 560,000 na hujanunua godoro, mtungi wa gesi wala ndoo ya kuogea. Mshahara wote wa mwezi wa kwanza haukutoshi hata kukabidhiwa ufunguo, na nauli ya kwenda huko kazini bado hujaihesabu.

Ndiyo maana ukiona mtu amepata kazi Januari na Juni bado yuko kwao, usimnyooshee kidole. Anapiga hesabu. Ninaowaogopea ni wale wanaokopa kwenye zile programu za simu ili wapate kodi, kwa hasira ya siku moja. Mwezi wa pili mkopeshaji anampigia mama yako, mjomba wako na mwalimu wako wa zamani, kila namba iliyoko kwenye simu yako, kuwaambia unadaiwa. Ukirudi nyumbani baada ya hapo, unarudi mdogo kuliko ulivyoondoka.

Ukianza kupokea mshahara, hiyo hesabu ya 483,000 waonyeshe wazazi kabla hawajaanza kukupangia matumizi wakiwa na 700,000 kichwani. Halafu beba bili moja. Umeme ni mzuri kwa sababu unaonekana: unanunua LUKU, unaingiza tarakimu mwenyewe, mita inalia, nyumba nzima inajua. Usitoe leo sukari, kesho nyama, keshokutwa nauli ya mdogo wako. Utamaliza mshahara, na mwisho wa mwezi hakuna anayekumbuka ulichotoa, hata wewe.

Liko jambo moja ambalo hamniulizi na linanikosesha usingizi. Wengi wenu mmemaliza chuo wakati mzee naye anagonga miaka 60, anastaafu. Mafao yanaingia, nyumba inapata hela ambayo haijawahi kuwa nayo, na wewe uko pale una wazo la biashara. Mzazi anakupenda na anakuonea huruma. Ukimwomba milioni tano za kufungua duka la vipodozi au kununua bodaboda mbili, anaweza kukupa bila hata karatasi. Usiombe. Wewe ukianguka una miaka thelathini ya kuinuka, yeye hana. Ile hela ndiyo dawa zake za presha na bati la nyumba isiyokwisha. Ukihitaji mtaji, tafuteni wenzenu watano mnaoaminiana, msajili kikundi, mwende kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri. Nne kati ya hizo kumi ni za vijana, nne za wanawake, mbili za watu wenye ulemavu, na haina riba. Najua ina mlolongo, mtaambiwa rudini Jumanne na Jumanne mtaambiwa mhusika yuko semina. Afadhali huo mlolongo kuliko kukaa meza moja na baba uliyemmalizia mafao.

Majirani na wajomba sitawapa muda mwingi. Jirani akiuliza "vipi, mambo ya kazi?", jibu "tunapambana, mama, tuombee", tembea. Mjomba akisema "nitumie CV", mtumie siku hiyo hiyo, mshukuru, halafu usahau kwamba umetuma. Mikutano ya ukoo ambayo unajua utageuzwa mada, nenda mapema, jitie jikoni, uondoke kabla ya hotuba.

Kuhusu geti: kama kwenu linafungwa saa nne usiku, linafungwa saa nne. Unaweza kuomba liongezwe nusu saa, kwa hoja, na baada ya miezi ya kurudi kwa wakati. Wavulana mnaojengewa chumba cha nje chenye mlango wake, msije mkakifanya geto la marafiki wa zamani. Ile ni hisani ya baba, na kuta za uani ni nyembamba.

Mwisho mmeniuliza kuhusu wapenzi, tena kwa kuzunguka zunguka, "Dada, kuna rafiki yangu anataka kuja kusalimia." Mama hawezi kudanganywa kwa "rafiki yangu wa chuo". Mama alijua tangu siku simu yako ilipoanza kulala kifudifudi. Kama mambo hayajaiva, kutaneni huko huko mjini, soda mbili na sahani moja ya chipsi, kila mtu arudi kwao mapema. Yakiiva, usianzie sebuleni kwa baba. Wa kuanza naye ni shangazi. Mpigie, ila hakikisha una dakika za kutosha, maana akishika simu haachi.