SOMO: Ndege wa Nyuma ya Nyumba na Homa ya Watoto

Soma kwanza: Mathayo 6:26-30, Yeremia 8:7.

Ndugu msomaji, somo hili halikuombi dawa wala franga. Linakuomba kiti. Kiweke nyuma ya nyumba, mahali unapoona migomba na bustani ya maharagwe, nawe ukae kimya asubuhi, jua likitoka, kabla watoto hawajaanza kelele. Wewe mgonjwa uliye hospitalini, waambie ndugu zako wakutoe mpaka barazani. Hata hapo wako ndege.

Bwana Yesu alipowaambia wanafunzi wake wawatazame ndege na wayafikiri maua, hakuwatuma nchi ya mbali. Aliwaonyesha vitu vilivyokuwa karibu nao. Sisi watu wa Buleusa tuna misitu na mashamba, na ndege wetu ni wengi kuliko wa miji mikubwa. Lakini wengi wetu tunawajua kwa njia mbili tu: ndege wa kuliwa na ndege wa kuogopwa. Hao wa kuogopwa ndio sababu ya kuandika somo hili.

Tuanze na maua. Watu wa Ulaya husifu sana majira ambayo theluji yao inayeyuka na miti inachipuka. Kwetu hakuna theluji. Tunakaa karibu na mstari wa ikweta, na maua yetu hufuata mvua. Kiangazi kikiisha, mvua ikirudi katika mwezi wa tisa, hesabu kama wiki moja au zaidi kidogo: mikahawa inavaa nguo nyeupe na harufu yake inaingia mpaka chumbani. Baada ya siku chache maua yale yananyauka. Ua la boga ni la haraka zaidi: linafunguka asubuhi na mapema, na adhuhuri limekwisha kujifunga. Kwa hiyo kiti chako kiwekwe asubuhi. Anayeamka saa nne atakuta majani tu.

Sasa tazama kitovu cha mgomba, lile ua kubwa jekundu-jeusi linaloning'inia. Utamwona ndege mdogo, mdomo wake umepinda kama sindano ya kushonea magunia, manyoya yake yanang'aa juani. Wengine humwita chozi. Anakunywa maji matamu ya ua, tena anakamata wadudu wadogo na buibui kwa ajili ya watoto wake. Juu ya mti yuko mwenye rangi ya udongo, kichwa cheusi, na manjano chini ya mkia. Huyu anaimba kabla ya wengine wote. Chini uani anatembea yule mweusi na mweupe, mkia wake haupumziki, anakula nzi mbele ya jiko. Wanaosema Kinyarwanda humwita inyamanza, na tangu zamani wengi wao hawakubali auawe. Katika jambo hilo wazee walifanya vema. Mnana anachana majani ya mgomba na kusuka kiota kinachoning'inia. Anaharibu majani kidogo, ni kweli. Usimtukane sana.

Na mbayuwayu? Mwenye koo jekundu na mkia kama uma, anayefika mwezi wa tisa au wa kumi, si mtoto wa hapa. Amezaliwa Ulaya au Asia, na katika mwezi wa tatu au wa nne anarudi kwao kujenga kiota. Uzito wake ni karibu gramu 20 tu. Mwaka wa 1911 watu wa Uingereza walimfunga mmoja pete ndogo yenye namba mguuni, na mwisho wa mwaka wa 1912 akapatikana Natal, huko Afrika Kusini. Kabla ya pete hizo wenye elimu walibishana sana juu ya safari yake. Nabii Yeremia alikwisha kuandika kwamba ndege hawa wanajua majira yao.

Basi, tuje kwenye jambo lenyewe.

Mtoto akishikwa na homa kali, akageuza macho, akakakamaa na kutetemeka mikono na miguu, wengi katika Congo husema: huu ni ugonjwa wa ndege. Tanzania huita degedege, na huko pia wako wanaosema kuna ndege au pepo mwenye umbo la ndege anayempitia mtoto usiku. Bundi akilia juu ya nyumba siku ile, basi, hakuna anayebisha tena. Mtoto anapelekwa kwa mfumu, anafukizwa moshi, anachanjwa ngozi. Na watu wanaonya: msimpeleke hospitali, sindano inamwua mtoto wa ndege.

Mimi pia nililelewa hivyo. Nyumbani kwetu bibi yangu alikuwa akimtupia bundi kaa la moto, nasi watoto tulijifunika vichwa. Kwa hiyo nilipokwisha kupata elimu ya hospitali nilijiona nimevuka mbali, na ndipo nikatenda kosa. Mama mzee mmoja alileta mjukuu wake mwenye homa, akasema, "Munganga, ndege amempitia." Nikacheka. Nikacheka mbele ya wamama wengine. Usiku ule mama mzee alimfunga mtoto mgongoni akaondoka naye, wala hakuaga mtu. Tulisikia baada ya siku tatu kwamba mtoto amezikwa.

Tangu siku hiyo sicheki. Ninaketi na watu na kuuliza maswali haya, nawe jiulize.

Bundi huyo alilia usiku ule tu? Hapana, bundi hulia karibu kila usiku, maana usiku ndio mchana wake. Siku nyingine mlikuwa mmelala. Usiku ule mlikuwa macho kwa sababu ya mtoto, mkamsikia. Tena, alikuja juu ya nyumba kutafuta nini? Panya. Mahali penye mahindi na mihogo iliyoanikwa pana panya, na bundi ni mwindaji wao. Mfukuze, na panya watakushukuru.

Kwa nini basi ndege wengi na homa nyingi huja pamoja? Hapo wazee hawakukosa kuona. Walikosa kumjua mwenye kosa. Mvua ndiyo inayoleta yote mawili. Mvua ikirudi, maua yanafunguka, wadudu wanaongezeka, ndege wanajenga viota. Lakini mvua ileile inajaza mashimo ya matofali, nyayo za ng'ombe na mfereji ulioziba, na mbu wa malaria hupenda kutaga mayai katika maji ya namna hiyo, yaliyotulia na kupigwa na jua. Yai linakuwa mbu kamili katika muda wa wiki moja mpaka mbili. Mbu akinyonya damu ya mtu mwenye malaria, vidudu vinahitaji siku kumi au zaidi kukomaa ndani yake, na katika milima yenye baridi siku huzidi. Akimwuma mtoto, zinapita tena siku kama saba mpaka kumi na nne kabla ya homa. Jumlisha siku hizo zote: ni karibu mwezi mzima, au zaidi, tangu mvua ya kwanza. Wakati huo bustani imejaa viota na nyimbo. Ndege anaonekana na kusikika. Mbu anauma gizani na kwenda zake. Ni nani atakayeshitakiwa?

Tena ni ajabu kwamba ndege ndio waliosaidia kumfunua mbu. Mwaka wa 1897 Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza huko India, aliona vidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mwaka wa 1898, katika mji wa Calcutta, alitumia ndege wadogo, kwa kuwa ndege nao wana malaria yao, isiyowashika watu. Aliwaacha mbu wanyonye damu ya ndege wagonjwa, kisha mbu walewale wakawauma ndege wazima, nao wakaugua. Hivyo njia ya ugonjwa ikajulikana. Mwaka uleule wataalamu wa Italia walionyesha kwamba mbu wa jamii ya anofelesi humwambukiza mtu. Ross akapewa zawadi ya Nobel mwaka wa 1902.

Na sindano? Mtoto aliyefikishwa siku ya tatu, amekwisha kulegea, amefukizwa moshi na kunyimwa maziwa, anaweza kufa hata akipewa dawa njema. Watu waliona sindano, kisha wakaona kifo. Siku tatu zilizopotea hawakuzihesabu.

Mtoto akishikwa na mtukutiko, mlaze kwa ubavu mahali pasipo moto wala jiwe. Mvue nguo nzito. Usitie kijiko wala kidole kinywani, usimnyweshe kitu mpaka aamke vizuri. Usimweke juu ya moshi. Halafu safari ianze. Kama kituo cha afya ni mbali, pitia kwa reko wa kijiji. Mahali pengine anayo dawa ya artesunati ya kuwekwa katika njia ya haja kubwa, kwa mtoto ambaye hajafika miaka sita. Dawa hiyo inampa nafasi ya kufika, haimalizi ugonjwa, kwa hiyo usirudi nyumbani ukiona macho yamefunguka. Hospitalini tutachukua tone la damu kidoleni, na kabla ya nusu saa tutajua kama ni malaria. Kama si malaria tutatafuta ugonjwa mwingine, maana homa ya uti wa mgongo nayo huleta mtukutiko.

Lakini homa ya kawaida isingojee mtukutiko. Mlete siku ileile ya kwanza. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliye na usingizi usio wa kawaida, anayehema mbio, au mwenye viganja vyeupe, huyo ni wa kukimbizwa.

Nyumbani, chandarua chenye dawa kifungwe usiku kucha, watoto na mama mwenye mimba wakiwa ndani. Nimekuta vyandarua vikizunguka vitalu vya mboga ili kuku wasiingie. Kuku ni wa kufungiwa mianzi. Ukikaa katika kiti chako asubuhi, tazama pia chini: shimo ulilochimba udongo wa kukandika nyumba, lifukie, mfereji uzibuliwe. Maua usiyakate, hayana kosa. Ila yale meupe makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, yaliyopandwa penye nyua nyingi, ni sumu. Mtoto asiyatie kinywani. Vijana wenye manati wasome Kumbukumbu la Torati 22:6-7, jinsi Mungu alivyokataza kumchukua ndege mama pamoja na makinda yake. Ndege au popo aliyekutwa amekufa asiokotwe kwa mikono mitupu, wala asipikwe.

Yule mama mzee alirudi, baada ya miezi mingi, na mjukuu mwingine. Homa ilikuwa ya siku moja. Hakutaja ndege, nami nikamwomba radhi kwa kicheko changu. Mtoto alipokuwa amelala na dawa, tuliketi nyuma ya nyumba ya wagonjwa, akanionyesha kiota cha chozi kilichofungwa kwa utando wa buibui katika mti ninaopita kila siku. Sikuwa nimekiona.

Siku ya nne alimfunga mtoto mgongoni, akaaga kila mtu, akaenda.