Kabla Shehena Haijatoka Bandarini: Jinsi ya Kulinda Jina na Ubunifu wa Bidhaa Zinazouzwa Ng'ambo

Mwaka wa 2006 kampuni moja ya Uingereza ilipeleka ombi katika afisi ya usajili ya nchi hiyo ikitaka neno "Kikoy" liwe alama yake ya biashara. Neno lenyewe ni kikoi, vazi la Pwani tangu enzi za mababu. Kilichobadilika ni herufi moja tu. Lau ombi hilo lingepita, Mkenya anayefuma vikoi angeweza kuzuiwa kuviuza Uingereza kwa jina lake hilo. Habari zilipofika nchini watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini lililofanya kazi ni pingamizi rasmi, lililowekwa kwa kufuata sheria ya huko kwa msaada wa Traidcraft, shirika la Uingereza lililokuwa likitetea biashara ya haki. Ombi hilo halikufika kwenye usajili.

Kisa hicho kinafaa kusimuliwa tena sasa kwa sababu milango ya masoko inazidi kufunguka. Mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutekelezwa tarehe 1 Julai 2024, na kikundi cha wafumaji wa vikapu chenye simu moja ya mkononi kinaweza kupata mteja Ujerumani au Oman bila kupitia kwa dalali.

Kosa linaloonekana mara nyingi zaidi huanzia nyumbani. Mfanyabiashara husajili jina la biashara kupitia eCitizen, akapata cheti, akaamini kwamba jina sasa ni lake popote. Sivyo. Cheti hicho kinaonyesha nani anaendesha biashara kwa jina hilo, basi. Alama ya ubora ya KEBS nayo inahusu viwango vya bidhaa, si umiliki wa jina. Anayetaka jina au nembo iwe mali yake ni lazima aisajili kama alama ya biashara katika Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, ambayo wengi wanaijua kwa jina la KIPI.

Kabla ya kulipa ada ya ombi, ni busara kuomba KIPI ifanye utafutaji, ili kujua kama kuna mwingine aliyetangulia na jina linalofanana. Ombi likikubaliwa huchapishwa katika jarida la taasisi hiyo, na umma hupewa siku 60 za kupinga. Usajili hudumu miaka 10 na unaweza kuhuishwa tena na tena. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, na hapa wengi huteleza: kikapu cha kuwekea vitu nyumbani kiko daraja la 21, lakini kikapu hicho kikitiwa mkanda wa ngozi na kuuzwa kama mkoba wa mwanamke, kinaingia daraja la 18. Vitambaa viko 24, nguo zilizoshonwa 25. Muuzaji wa ng'ambo aangalie mteja anakitumia vipi kile anachomuuzia.

Hata hivyo, cheti cha KIPI hakivuki mpaka. Alama iliyosajiliwa Nairobi inalindwa Kenya pekee, na nchi nyingi, China ikiwa mfano mkubwa, humpa haki yule aliyewahi kupeleka ombi, hata kama mwingine ndiye aliyeanza kulitumia jina hilo kwingineko. Mtu anayeshona bidhaa zake China anapaswa kujisajili huko hata kama hauzi chochote huko, kwa kuwa mwenye alama anaweza kuomba forodha izuie mzigo usitoke.

Kuna njia mbili za kuvuka mpaka huo. Ya kwanza ni kuomba moja kwa moja katika kila nchi, kwa kawaida kupitia wakala wa sheria wa huko. Ya pili ni Mfumo wa Madrid unaosimamiwa na Shirika la Dunia la Haki Miliki, WIPO. Kenya ni mwanachama tangu 1998. Mfanyabiashara anayeanza na ombi lake la KIPI anaweza, kwa fomu moja, kutaja nchi anazozitaka. Ada ya msingi ni faranga 653 za Uswisi kwa alama isiyo na rangi na 903 kwa yenye rangi, na juu yake kuna ada ya kila nchi iliyotajwa. Si pesa kidogo kwa biashara ndogo. Kwa hiyo nembo ya rangi nyeusi na nyeupe ni akiba halali, na kutaja nchi 2 ambako kweli kuna wateja ni afadhali kuliko kutaja 10 za kujivunia. Ajue pia kwamba kwa miaka 5 ya kwanza usajili huo wa kimataifa unautegemea ule wa Kenya: wa nyumbani ukianguka, wa nje huanguka nao.

Umoja wa Ulaya una ombi moja linalolinda alama katika nchi zote 27. Uingereza, tangu ijitoe, inahitaji ombi lake. Kwa majirani, Rwanda imo katika Mfumo wa Madrid, lakini hadi mwaka wa 2024 Uganda na Tanzania hazikuwemo, hivyo huko ni kuomba kwa njia nyingine. Anayeuza Unguja asidhani kwamba usajili wa Tanzania Bara unamtosha. Zanzibar ina msajili wake.

Wakati una thamani hapa kuliko pesa. Anayeomba alama Kenya ana miezi 6 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama wa Mkataba wa Paris huku akihesabiwa kama aliyeomba siku ile ile ya kwanza. Miezi hiyo inatosha kutuma sampuli, kuona kama soko lipo, kisha kuamua. Kwa hataza, ambayo hulinda uvumbuzi mpya, muda ni miezi 12. Lakini mwenye uvumbuzi asiupeleke kwenye maonyesho wala kuuweka mtandaoni kabla ya kuomba, maana Ulaya kitu kilichokwisha kuonwa na umma hakihesabiki tena kuwa kipya. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayeweza kupata hataza halali ya kiondo chenyewe, kilichojulikana vizazi na vizazi. Umbo jipya la mpini au mfuniko ndilo linaloweza kusajiliwa kama mchoro wa viwanda.

Hatari iliyo karibu zaidi si mwizi asiyejulikana, bali ni mshirika. Mnunuzi wa ng'ambo anayesambaza bidhaa anaweza kusajili jina kwa jina lake, mara nyingine akisema anamsaidia mwenzake. Urafiki ukiisha, yeye ndiye mwenye alama. Mkataba wa Paris unatoa njia ya kuidai, ila kesi ya ugenini inagharimu kuliko shehena kadhaa. Dawa ni mkataba wa maandishi unaosema wazi: alama ni ya mzalishaji wa Kenya, msambazaji haruhusiwi kuisajili wala kufungua tovuti kwa jina hilo, michoro na sampuli hazipewi mtengenezaji mwingine, na uhusiano ukikatika matumizi ya jina yanakoma. Mkataba huo usainiwe kabla ya sampuli kutumwa. Mnunuzi anayekataa sharti la kwanza amekwisha kuonyesha nia yake.

Kwa vikundi, alama ya pamoja huwawezesha wanachama wote kutumia jina moja chini ya kanuni walizokubaliana, na ada hugawanywa. Ubunifu wa jamii nzima, kama mitindo ya ufumaji isiyo ya mtu mmoja, una sheria yake ya mwaka wa 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Sheria hiyo inazipa serikali za kaunti jukumu la kukusanya na kuweka rejista ya maarifa hayo. Rejista haiwezi kujazwa na karani aliye afisini. Majina ya mishono, miti inayotoa rangi na maana ya kila pambo viko kwa akina nyanya wanaofuma.

Vikundi vinavyotaka maarifa yao yaandikwe vinashauriwa kufika katika afisi za utamaduni au biashara za kaunti vikiwa na cheti cha usajili wa kikundi, picha za bidhaa na orodha ya wanachama. Maombi ya alama hupelekwa KIPI, South C, Nairobi.