Hamira kwenye maji ya sabuni: vidokezo vya kupima uchafuzi ukiwa jikoni

Kila msimu wa maonyesho ya sayansi shuleni, halikosekani bango la "Athari za Uchafuzi kwa Viumbe Hai": samaki kalala chali, povu limechorwa kwa kalamu ya bluu, na namba hata moja hakuna. Samaki unamhurumia, ila hujajua lolote jipya. Basi mwache. Kiumbe rahisi kumhoji yuko dukani kwa bei ya chini: hamira, kuvu wa seli moja ambaye akipewa sukari na maji ya vuguvugu hutoa hewa ya kabonidayoksaidi, na hewa hiyo unaikamata kwa puto la sherehe. Vidokezo hivi ni vya mwanafunzi, vya mzazi aliyeachiwa kazi ya likizo ya mwanawe, na vya mwalimu ambaye maabara yake ni kabati moja lenye kufuli bovu.

1. Lipunguze swali mpaka liingie kwenye chupa

"Je, uchafuzi unadhuru vijidudu?" Uchafuzi upi, vijidudu gani, kiasi gani, baada ya muda gani? Jaribu hili: gramu 1 ya sabuni ya unga katika lita moja ya maji inapunguza kwa kiasi gani hewa inayotolewa na hamira ndani ya saa moja? Linaonekana swali la kitoto, lakini lina jibu.

2. Andika dhanio linaloweza kukuumbua

"Sabuni itaathiri hamira" ni maneno ya mtabiri wa nyota: litokee lolote, yeye kapatia. Andika kauli inayoweza kushindwa, kwa mfano kwamba hewa ya chupa yenye sabuni haitafika nusu ya ile ya maji safi. Iandike kabla ya kugusa chupa, kwa wino, na utie tarehe. Matokeo yakikukataa, usiifute. Waamuzi wazuri huvutiwa na dhanio lililoanguka kwa heshima.

3. Nunua hamira, si beking pauda

Dukani zinakaa rafu moja. Beking pauda haina uhai: ni asidi na magadi vikikutana majini, na puto litajaa hata ukiweka sumu ya panya. Ukishapata hamira, ijaribu kwanza kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari. Baada ya dakika 15 hivi inapaswa kufanya povu. Isipofanya, ilikufa dukani, na sabuni yako haina kesi ya kujibu.

4. Chupa ya kulinganishia kwanza, nyingine baadaye

Chukua chupa tupu za nusu lita. Kila moja tia mililita 100 za maji, kijiko kimoja cha chai cha sukari na kimoja cha hamira. Nyingine zipate sabuni, nyingine zisipate; tofauti iwe hiyo tu. Visha kila mdomo puto ulilokwisha kulipuliza na kulilegeza, maana puto jipya ni gumu. Usifunge kwa kizibo: hewa itakosa pa kutokea na chupa inaweza kupasuka.

Ukitaka kuona nguvu ya ulinganisho, mtazame David Schindler, mwanasayansi aliyefanya kazi kwenye maziwa ya majaribio ya Ontario, Kanada. Wakati huo watu walibishana vikali ni kitu gani kinayageuza maziwa kuwa kijani, na fosfeti za kwenye sabuni zilikuwa miongoni mwa watuhumiwa. Mwaka 1973 yeye na wenzake walilitenga Ziwa 226 kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Wa pili wakatia hizohizo pamoja na fosforasi. Upande wa fosforasi ukafunikwa na mwani, na picha iliyopigwa kutoka angani iliwasadikisha hata watu wasiosoma grafu. Wangetia fosforasi ziwa zima, mbishi angesema ni jua la mwaka ule.

5. Usiziamini chupa mbili

Weka angalau tatu kwa kila hali, maana puto moja litavuja tu. Zichanganye mezani; za sabuni zote zikikaa karibu na jiko na za maji safi dirishani, utakuwa umepima jiko. Maji yote yatoke ndoo moja, yawe na joto moja, nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Yakichemka unaiua hamira. Halafu mwombe mtu mwingine aziandike chupa kwa herufi za siri na abaki na orodha. Jicho linalojua chupa ipi ina sabuni huvuta uzi wa kupimia kidogo kuelekea linakotaka.

6. Mzingo wa puto unadanganya

Utapima kwa uzi na rula, sawa. Lakini ujazo hukua kwa kipeo cha tatu: kwa puto lililo duara, mzingo ukiwa mara mbili, hewa ni mara nane. Aliyeandika "nusu" kwa kutazama mzingo amekosea mno. Kokotoa ujazo, au walau onyesha kwamba unalijua hilo.

7. Panda ngazi za dozi

Yeyusha gramu 10 za sabuni katika lita moja. Chukua mililita 100 za maji hayo, ongeza 900 za maji safi: sasa una gramu 1 kwa lita. Rudia upate 0.1, kisha 0.01. Mengi yenye thamani yamo humu, kwa sababu kujua kwamba sabuni nyingi ni mbaya hakumsaidii mtu. Kujua inaanzia wapi kuwa mbaya kunamsaidia.

8. Puto likinywea, usitangaze msiba

Hapa ndipo miradi mingi hulala. Sabuni nyingi za unga zina soda ya jamii ya magadi, na maji ya namna hiyo humeza kabonidayoksaidi. Hamira inaweza kuwa hai, inatoa hewa, na hewa inaishia majini kabla ya kufika kwenye puto. Majivu nayo yana tabia hiyohiyo. Tena kuna tofauti kati ya kuuawa na kuzimia.

Kwa hiyo, saa ikiisha, iache hamira itulie chini ya chupa, mwaga maji ya juu taratibu, tia maji safi, rudia mara mbili, kisha ipe sukari na puto jipya. Ifanyie hivyohivyo na ile ya kulinganishia. Hamira ya sabuni ikiamka, ilikuwa imezuiwa tu. Isipoamka wakati mwenzake imeamka, hapo sema imekufa. Mwenye hadubini na rangi ya methilini bluu ataona zaidi: seli iliyokufa hubaki bluu, iliyo hai huifuta rangi.

9. Tarajia uchafuzi unaonenepesha

Si kila uchafu unaua. Mbolea inayosombwa na mvua hadi Ziwa Viktoria hulisha mwani na magugu maji. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, mbolea ilinyunyizwa kwenye fukwe ili kuwatia nguvu bakteria wanaokula mafuta. Ukipima mbolea, tumia maji ya bwawa kwenye mitungi ya kioo dirishani, uyape wiki mbili. Usiyaonje, usiwape kuku: baadhi ya viumbe hao wa kijani hutengeneza sumu.

10. Usifuge usichokijua

Maji ya Mto Msimbazi wa Dar es Salaam au ya mtaro wa nyumbani si ya kuotesha bakteria mezani unapolia chakula. Unaweza kuwa unazidisha vimelea vya kuharisha kwa maelfu. Kazi hiyo ina maabara yake.

11. Hitimisho liishie ulipopimia

Ulipima hamira ya mikate, kwa sabuni ya aina moja, kwa saa moja. Hukupima mto. Hata maabara kubwa zinazotumia bakteria wa baharini wanaong'aa, ambao mwanga wao hufifia wakikutana na sumu, husema tu mwanga umepungua kwa kiasi gani, kisha huendelea na vipimo vingine.

12. Siku ya maonyesho

Changanya chupa mpya nusu saa kabla waamuzi hawajafika kwako, hamira haikurupuki. Beba maputo ya akiba, uzi, na daftari lenye namba zote, zikiwemo zilizokuudhi. Na kama lazima uchore samaki, mchore mdogo, pembeni.