Ripoti kwa Kiingereza: Tulichimba au Tumechimba?

Mfadhili asiyewahi kufika kwenu anakijua kisima chenu kwa maandishi tu. Sisi tunaosoma ripoti zenu kabla hazijatumwa tunaona kitenzi ndicho kinachowasumbua.

Kwetu "tunachimba" inatosha kwa kazi ya leo na kwa desturi. Kiingereza hutenganisha. "We dig wells" ni kazi yenu ya kila mara, kama jembe bado liko mkononi, andikeni "We are digging a well."

Sasa penye shida yenyewe. "Tumechimba kisima mwezi wa tatu" kwetu husikika. Lakini "have dug" haikubali tarehe iliyokwisha pita. Ukitaja mwezi, andika "We dug a well in March." Ukiacha tarehe, andika "We have dug a well," manake kazi imekwisha na kisima kipo. Basi msiiandike kabla hamjamaliza!

Na pampu ambayo bado iko dukani? "We will buy a pump." Mkiandika "We bought," mkaguzi ataomba risiti.