MOTO MMOJA, KAZI MBILI (Fizikia)



Tulijifunza kama nguvu haipotei, inageuka tu. Hapa Ankoro, nani hajasikia mlio wa mashini ya kusaga? Ziko motere za mazutu zenye tanki ya maji iliyo wazi juu. Motere ikitembea kwa muda, maji yanachemka, na mwenyewe anaongeza mengine. Ule mvuke njo mazutu yenye tulilipia feza, inaenda bure mu hewa.

Sasa tufunge dinamo kwa motere, tupige hesabu:

1. Litri 1 ya mazutu ina nguvu karibu kilowati-saa 10.
2. Umeme unaotoka ni karibu robo, ni kusema 2,5.
3. Zile 7,5 zinabaki joto: mu maji, mu moshi na mu chuma.
4. Tukikamata nusu ya joto lile, tuko na 3,75. Ndoo ya litri 20, toka digri 25 mpaka 60, inaomba karibu 0,8. Basi tunapata ndoo nne za kuoga na kufua, bila kuchoma makala.

Namna ya kufanya: kunja bomba la shaba ndani ya tanki. Maji safi yapite ndani ya bomba, yasichanganyike na maji ya motere yenye kutu na mafuta.

Kazi hii inafanyika kwa kweli. Kule Kakira, Uganda, kiwanda cha sukari kinachoma makapi ya miwa. Mvuke unazungusha turbini, tena unachemsha maji ya miwa. Umeme unaozidi wanauzisha. Mu Japani, tangu 2009, watu wa kawaida wananunua kwa nyumba zao mashini inayoitwa Ene-Farm: inatoa umeme na maji ya moto pamoja.

ANGALIENI! Mtu asiingize motere mu nyumba juu ya kupata joto. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu: mtu analala, haamuke tena. Mbabula ya makala ni vilevile. Joto lije kwa njia ya maji. Moshi ubaki inje.

Maswali:
a) Motere ikikula litri 3, tutapasha ndoo ngapi?
b) Sababu gani bomba ni la shaba, si la plastiki?